Nafaka ya Simbilisi Aliye Peke Yake



Wakati wa kipupwe, upepo wa kusi unapovuma usiku kucha na watu wanapoanza kutafuta mashuka mazito, liliulizwa swali katika darsa yetu hapa Kibaha, nalo likawachekesha baadhi ya wanafunzi. Nyumba moja ilikuwa na simbilisi watatu, walioletwa katika boksi na jamaa aliyetoka Njombe. Mmoja alichukuliwa na nguchiro, wa pili akafa, akabaki mmoja. Huyo yuko nje, katika banda la mbao nyuma ya jiko. Anapewa majani, anapewa maji, wala hapigwi. Muulizaji akataka kujua: baridi hii pamoja na ule upweke wake, je, mwenye nyumba ana la kuulizwa mbele ya Mwenyezi Mungu?

Waliocheka niliwaambia wangoje kwanza. Swali la mnyama mdogo si lazima liwe swali dogo, na vitabu vyetu vya fikihi havikulidharau.

Kwa wasiomjua mnyama huyu, simbilisi ni kama sungura aliyepunguzwa masikio, hana mkia, miguu yake mifupi, sauti yake ni kama mluzi. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, ambako watu wa Peru na Bolivia wamemfuga kwa maelfu ya miaka. Wahispania walimpeleka Ulaya katika karne ya 16. Waingereza wakamwita kwa jina la nguruwe, na kwa sababu ya jina hilo nimepata kuona mtu wa pwani akitaka kuosha mikono mara saba kwa maji na udongo baada ya kumshika. Hana ujamaa wowote na nguruwe. Yeye ni katika wagugunaji, kama panya na nungunungu, na chakula chake ni majani matupu. Ama kama nyama yake yaliwa au hailiwi, hilo lina mahali pake. Leo tunamzungumzia aliye hai.

Katika Nyanda za Juu za Kusini, Njombe, Makete na Iringa, wamefuga simbilisi miaka mingi, na kadhalika huko Kivu, mashariki ya Kongo. Baridi ya huko si hii yetu. Makete, usiku wa Juni na Julai, umande huweza kuganda juu ya majani. Lakini tazama wanavyomfuga: jikoni, karibu na mafiga, kundi zima, wakubwa kwa wadogo, wakipita chini ya vitanda na kujibanza pembeni. Watu wa Andes nao humfuga jikoni vivyo hivyo. Basi mnyama huyu katika nchi za baridi ana vitu viwili vya kumtia joto: moto wa binadamu na miili ya wenziwe. Akiletwa kwetu pwani, mara nyingi hunyang'anywa vyote viwili, kisha sisi husema, "Huku ni joto, hataona taabu."

Tuanze na lililo wajibu, ambalo hakuna anayelipinga. Aliyesoma Minhaaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho maulamaa wetu wa pwani wamekisomesha kizazi baada ya kizazi, anajua kuwa hukumu ya kulisha wanyama haikuwekwa katika mlango wa biashara. Imewekwa mwishoni mwa mlango wa nafaka, mlango ule ule unaoeleza haki ya mke, ya watoto na ya wazazi. Mwenye mnyama inampasa ampe chakula na maji. Akikataa hulazimishwa: amwuze, au amlishe, au amchinje ikiwa ni katika wanaoliwa. Njia ya kukaa naye huku akidhoofika haipo.

Na Imam huyo huyo, katika Rawdha, amefika mpaka kwa nyuki. Anayerina asali aache kiasi ndani ya mzinga kwa ajili ya nyuki wenyewe. Na ikiwa anarina wakati wa baridi, wakati nyuki hawawezi kutoka, basi kile anachowaachia kiwe kingi zaidi. Akataja hata kauli ya waliosema kuwa huchomwa kuku akatungikwa mlangoni mwa mzinga ili nyuki wale. Wanafunzi hucheka wakifika hapo, na mimi huwaacha wacheke, kisha huwauliza: mmeona jambo gani? Mmeona kuwa haki ya mnyama haina kipimo kimoja kwa mwaka mzima. Msimu ukibadilika, na wajibu hubadilika. Kiasi kilichotosha Januari huenda kisitoshe Julai.

Hapo swali la baridi limekwisha jibiwa kwa sehemu kubwa. Mahali pa kulala ni katika nafaka, na mahali pa kulala pa kipupwe si sawa na pa kaskazi. Lakini swali la upweke je? Je, mwenzi naye ni katika nafaka?

Hapa ndipo penye shida, kwani mwenye nyumba atasema: nimempa chakula, nimempa maji, nimempa banda. Kitu gani tena mnanidai? Na ukitazama ile hadithi mashuhuri ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, utaona kuwa kosa lake lilikuwa kumfunga bila ya kumlisha, na bila ya kumwachia akajitafutie katika wadudu wa ardhi. Mwenye simbilisi wetu hakufanya hilo la kwanza. La pili haliwezekani, kwani simbilisi si mnyama wa mwituni katika nchi hii. Ukimfungulia mlango hapa Tumbi au Mlandizi, hamalizi usiku mmoja kabla ya paka au kicheche kumpata. Kumwachia huru ni kumwua kwa mkono wa mwingine. Basi amefungika kwetu kikamilifu kuliko yule paka, na kila ambacho mikono yetu haikumpa hana pa kukipata.

Sasa ingia katika Suratul An'aam, aya ya 38. Humo Mwenyezi Mungu anatujulisha kuwa wanyama watembeao juu ya ardhi na ndege warukao kwa mbawa zao ni umma mfano wetu. Wafasiri wamesema mengi juu ya mfano huo, wapo waliosema ni katika kuumbwa, na katika riziki, na katika kufufuliwa. Mimi husimama kwenye neno umma lenyewe. Mtu mmoja si umma. Simbilisi mmoja aliyetolewa katika kundi lake, akawekwa katika sanduku, hakuonewa kwa njaa wala kwa kiu, lakini ametolewa katika umma wake.

Na ipo hadithi, ameipokea Abu Daud kutoka kwa Ibn Masud (R.A.), ambayo watu huisimulia bila ya kuitazama vizuri. Masahaba walikuwa safarini, wakawaona ndege na makinda yake mawili, wakayachukua makinda. Yule mama akaja akipigapiga mbawa juu yao. Mtume (S.A.W.) alipomwona akauliza ni nani aliyemsikitisha ndege huyu kwa mtoto wake, akaamrisha makinda yarudishwe. Tazama: hapana aliyekuwa na njaa. Hapana aliyepigwa. Ndege mwenyewe yuko huru, ana mbawa na anga lote. Kilichomliza ni kutengwa na walio wake, na hilo peke yake lilitosha kutolewa amri.

Atasimama mwenye elimu aniambie: Sheikh, umesahau ndege wa Abu Umayr? Huyo alikuwa mtoto mdogo Madina, ndugu yake Anas bin Malik, naye alikuwa na kindege anachomchezea. Mtume (S.A.W.) alipomkuta ana huzuni kwa kufa kwa kindege hicho, akamtania kwa upole akimwuliza habari zake. Hakumkemea kwa kumweka, na hadithi haitaji kuwa kilikuwa na mwenzake. Hoja hii ina nguvu, wala siikwepi. Maulamaa wametoa humo ruhusa ya kumfuga ndege na ya mtoto kumchezea maadamu hamtesi. Lakini ruhusa ya kufuga ni jambo moja, na namna ya kumfuga kila mnyama kwa tabia yake ni jambo la pili. Paka huishi peke yake akaridhika, akikutana na mwenziwe pengine wakararuana. Simbilisi hakuumbwa hivyo. Mateso ya huyu si mateso ya yule, na anayefuga inampasa amjue anayemfuga.

Anayejua zaidi mambo haya ni Sheikh Izzuddin bin Abdisalaam, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyezaliwa Damascus na kufariki Misri mwaka 660 wa Hijra, sawa na 1262. Katika Qawaaid al-Ahkaam ameeleza haki za wanyama juu ya mwanadamu, na maelezo yake yananistaajabisha kila nikiyasoma. Wahudumiwe hata wakizeeka au wakiugua na faida yao ikaisha. Wasibebeshwe wasichokiweza. Wasichanganywe na wale watakaowadhuru, wawe wa jinsi yao au wa jinsi nyingine. Malalo yao na maboma yao yatengenezwe vizuri. Na madume na majike wakutanishwe wakati wa kutakana kwao. Basi karne saba na zaidi zilizopita, mwanachuoni ameweka malalo na kukutana na jinsi yake katika orodha moja na chakula! Uswisi walipotunga kanuni zao mwaka 2008, wakamlazimisha kila anayefuga simbilisi asimweke peke yake, walimwengu wengi wakaona ni kichekesho cha watu waliokinai. Na sisi Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka huo huo wa 2008, ingawa wachache wanajua kuwa ipo.

Kuna jambo jingine. Ujerumani, katika Chuo Kikuu cha Münster, mtaalamu Norbert Sachser na wenziwe wametafiti simbilisi kwa miaka mingi. Walichukua dume wakamtia katika banda geni peke yake, wakapima katika damu yake ile homoni ambayo mwili huitoa ukiwa katika fadhaa. Ikapanda. Wakamtia tena pamoja na jike asiyemjua, ikapanda vilevile. Lakini alipokuwa pamoja na jike aliyezoeana naye, haikupanda kama mwanzo. Mwenzi wake wa mazoea alimtuliza, mgeni hakuweza. Damu ya mnyama ilitoa ushahidi ambao ulimi wake hauwezi kuutoa.

Sasa nije kwa mtoto wa nyumba ile, kwani yeye ndiye mwenye kesi ngumu. Anampenda simbilisi wake. Anasema, "Ananijua. Akisikia hatua zangu hupiga mluzi." Ni kweli, simbilisi humjua anayemlisha na humwita. Na wazazi wanasema, tukimpa mtu mwingine mtoto atalia. Mimi nasema mtoto afundishwe kuuliza swali moja: ukienda shule asubuhi mpaka alasiri, na ukilala usiku ndani ya chandarua chako na shuka lako, yeye yuko na nani? Usiku wa baridi ndio anaotaka mwili wa kujibanza nao, na usiku ndio wewe haupo. Mapenzi yako yanamfikia saa moja au mbili kwa siku. Ni mapenzi ya kweli, lakini hayamtoshi.

Na hili halimhusu mnyama tu. Hapa Kibaha, na kule vijiji vya Kisarawe, Maneromango na Mzenga, wako kina bibi ambao nafaka yao inafika kila mwisho wa mwezi kwa simu, wala haikosi, na watoto wao mjini wanalala na moyo mweupe. Bibi ana unga, ana sukari, ana mafuta ya taa. Hana wa kumwambia kuwa usiku ameota nini. Nimewapa watu wengi mfano wa bibi wakaelewa habari ya simbilisi, na wengine nimewapa mfano wa simbilisi wakanyanyuka kwenda kumtazama bibi.

Tusiende mbali na swali. Je, ni haramu kumweka simbilisi peke yake? Sitatamka neno hilo. Haramu si neno la kurushwa kama kokoto, na wanavyuoni hawakuitamkia hukumu sura hii hasa. Ninalosema ni kwamba anayejua kuwa mnyama huyu hudhoofika kwa upweke, na ana uwezo wa kumwondolea, akaacha kwa uvivu au kwa kuwa anamfurahia peke yake, huyo amepunguza haki iliyo juu ya shingo yake. Asiyejua hana lawama mpaka ajue. Nanyi sasa mmejua.

Basi afanye nini? Kwanza baridi, kwani hiyo haingoji. Hapa kwetu joto la usiku wa kipupwe halishuki sana, na mtu wa Makete angelicheka akisikia tunaliita baridi. Kinachomdhuru simbilisi Kibaha ni unyevu na upepo. Banda liinuliwe juu ya ardhi kwa miguu ya mti, na kila mguu uwekwe katika kopo la maji yenye mafuta kidogo, kwani mvua zikinyesha siafu hutembea, na siafu hawamwachi mnyama aliyefungiwa. Upande wa kusini, unakotoka upepo, uzibwe kwa mbao. Upande mmoja uachwe wa wavu mwembamba wenye nguvu ili hewa ipite, maana banda lililozibwa pande zote hujaa harufu ya mkojo nayo huharibu mapafu. Ndani kuwe na kichumba kidogo cha giza, kimejazwa majani makavu mengi, ukoka uliokaushwa juani, ajichimbie humo mpaka asionekane. Majani yakilowa yatolewe siku hiyo hiyo. Gunia lililolowa ni baya kuliko kukosa gunia.

Na asisahau kuwa banda lililomwokoa Julai linaweza kumwua Februari. Simbilisi hawezi joto kali kuliko anavyoshindwa baridi. Bati lililopigwa na jua la saa nane mchana hummaliza kwa muda mfupi. Kaskazi ikiingia banda lihamie chini ya mwembe.

Chakula chake wengi hukikosea. Ukoka ndio msingi, kwani meno yake hayaachi kuota na majani ya kutafuna ndiyo yanayoyapunguza. Juu ya hayo, mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C, kama ambavyo wa binadamu hauwezi, basi kila siku apewe kitu kibichi: pilipili hoho kidogo, majani ya mapera, matembele. Majani ya viazi ulaya asipewe, yana sumu. Ukimwona amejikunyata, manyoya yamesimama, hataki kula tangu asubuhi, usingoje kesho. Mwite afisa mifugo.

Kisha mwenzi. Wengine huwa wepesi kusema, mtie pamoja na sungura, au na vifaranga. Hapo mkumbuke maneno ya Sheikh Izzuddin juu ya kuwachanganya na wanaowadhuru. Sungura hupiga teke ambalo huvunja mbavu za simbilisi, na lugha yao si moja. Mwenzi wa simbilisi ni simbilisi. Aliyebaki katika nyumba ile ni jike, basi atafutiwe jike. Akitiwa dume, mimba yake ni kiasi cha miezi miwili, na baada ya kuzaa anaweza kushika tena siku ile ile. Mwaka haupiti ila mtajikuta na kundi msiloweza kulilisha, na hiyo ni dhulma nyingine mliyoizaa wenyewe. Tena jike aliyekomaa bila ya kuzaa, mimba ya kwanza ya ukubwani huweza kumwua.

Wasitiwe pamoja ghafla. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wawekwe kwanza jirani, wavu katikati yao, wanuseane siku kadhaa, kisha wakutanishwe mahali ambapo hapana mmoja anayepaita pake, na majani yatawanywe ili wasigombee mlo. Watafukuzana kidogo, mmoja atajifanya mkubwa. Hilo ni la kawaida. Damu ikitoka, watenganishwe.

Na nyumba isiyo na uwezo wa kupata wa pili? Hao nawaambia wampeleke kwa anayefuga kundi, na mtoto aende naye siku hiyo, amwone akiingia kwa wenziwe, aruhusiwe kwenda kumtazama kila Ijumaa baada ya Sala. Mtoto atalia, naam. Abu Umayr naye alihuzunika, na Mtume (S.A.W.) alikaa naye akamliwaza, hakumcheka.

Sehemu moja yanipa shaka zaidi. Simbilisi huishi miaka mitano, pengine minane. Wakiwa wawili, mmoja atatangulia, na yule atakayebaki atakuwa pale pale tulipoanzia. Ukimnunulia mwingine, siku moja huyo naye atabaki. Kwa aliye bado na nguvu, naona mlango uendelee kuwa wazi, aletewe mwenzi au apelekwe kwa kundi. Ama aliye mzee, aliyekwisha kuwa mzito wa miguu, asisafirishwe ndani ya boksi juu ya basi kutafutiwa jamaa wapya watakaomsumbua. Huyo ndiye yule ambaye Sheikh Izzuddin alisema ahudumiwe ingawa faida yake imekwisha. Aingizwe ndani kipupwe chote, majani yake yabadilishwe asubuhi na jioni, na boksi lake liwekwe katika chumba anacholala mtu, karibu na ukuta wa jiko, asikie pumzi ya mwingine usiku.